Mshale Ulidanganya, Injini Haikuchemka

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Watoto wavae sweta. Gari nimeondoka nalo, hilo hilo ulilosema linachemka, nisiliguse mpaka fundi aje.

Asubuhi nimefungua swichi, injini baridi kabisa, mshale wa joto ukaruka hadi kwenye nyekundu. Injini baridi inachemkaje? Maji yamejaa. Nikachomoa waya wa sensa ya joto, mshale haukushuka. Kumbe waya wenyewe umechubuka, unagusa bodi ya gari, ndiyo maana mshale unapanda. Nimeuzungushia utepe, mshale umetulia chini.

Jana uliniambia mbele ya mama yangu, "Mambo ya injini huyawezi." Leo ana kliniki ya macho, nimempakia kiti cha mbele.

~~Samahani sikukuaga.~~ Ulikuwa unakoroma.

~~Tutarudi mapema.~~ Tutarudi tukimaliza. Fundi akija, mwambie mke wako ameshatengeneza.

Mama watoto