Mguu wa Dada Yako na Maneno Mawili Uliyoniuliza

Newala,
9 Februari 2024

Mpendwa Mjomba Abdulkadiri,

Shikamoo. Hujambo wewe, na Mama Wema na watoto huko Mpanda hawajambo? Tumbaku imekubali? Sisi huku tunapumua. Nikisema wazima nitakuwa nimekudanganya.

Barua yako aliyoileta dereva Bonifasi nimeipata. Nianze na swali lako la Kiingereza, maana mjukuu wako ana mtihani na mimi ndiye mwalimu wa ukoo. "Hope" na "wish" yote ni kutamani, lakini hayatumiki mahali pamoja. "Hope" ni la jambo ambalo bado linaweza kuwa: I hope Mother walks. "Wish" ni la jambo ambalo haliko hivyo, na kitenzi chake hurudi wakati uliopita hata kama unasema habari ya leo: I wish Mother walked. Mwambie asiyachanganye.

Sasa mguu wa dada yako. Barua nzima, Mjomba, umeupa mstari mmoja: usikatwe mpaka wewe mwenyewe ufike baada ya mavuno.

Daktari alipotaka kuukata, weusi ulikuwa umeishia vidoleni, pale Mama alipochomwa na kisiki akipalilia mikorosho. Baba alikuwepo, lakini unajua kwetu mume ni mgeni, hana sauti juu ya mwili wa dada wa watu. Nikamsihi Mama atie sahihi mwenyewe. Akageukia ukutani, akasema ana kaka, na kaka hajasema. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo. Tukamrudisha nyumbani tukungoje, huku maji ya kuoshea kidonda tunayanunua kwa ndoo.

Juzi tumempeleka tena. Daktari alifunua shuka, akatazama, akafunika. Habari ya kukata haizungumzwi tena, sumu imeshaingia kwenye damu. Tumepewa dawa ya maumivu tu, tukaambiwa tukae naye karibu.

Mjomba, tumbaku iache shambani. Panda gari lolote litakalopatikana, hata la mizigo.

Baba anakusalimu, ingawa siku hizi haongei. Nisalimie Mama Wema, na mwanao Jumanne umwambie shangazi yake anamtaja. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Mama hajui kwamba nakuandikia haya. Jana alinishika mkono akaniusia, "Mjomba wako akifika, msimwambie kwamba nilimngoja."

Mpwa wako akupendaye, aliyeshindwa kunyamaza,
Shakila