Dada, Jumamosi Tunavunja Ukingo Wenye Jina Lako

Mwaka umetimia sasa, dada yetu, tangu ulipotutoka, nasi tunakuandikia tukiwa tumeinamisha vichwa.

Wiki nzima ulikuwa fundi cherehani. Asubuhi za mapumziko ulikuwa wa bwawa la mtaa na bustani zake. Wewe na wenzako wa kujitolea mliokota chupa, mkang'oa magugu, mkamwagilia maua ambayo hakuna aliyewalipa kuyamwagilia. Watoto walikuita Mama Bata, nawe ukaitika "Abee!" bila kununa. Nguo ya mteja ikichelewa, ulimwambia, "Nilikuwa na wageni." Wageni wenyewe bata!

Upande mmoja wa bwawa uliuacha mteremko wa tope. Watu walilalamika viatu vinachafuka. Mwenyekiti wa mtaa alikuja mwaka baada ya mwaka, saruji mdomoni. Ukamjibu, "Mwenyekiti, kwako kuna mlango. Vifaranga wa bata, mlango wao ndio huu." Aliondoka akicheka kwa hasira. Tunakumbuka hata waliocheka naye.

Ulipofumba macho tu, mwenyekiti akatujia na pole, na ndani ya pole akachomeka ukingo: saruji kulizunguka bwawa lote, na kibao cha jina lako juu yake. Nasi ndugu zako wa damu, tuliolijua jibu lako neno kwa neno, tukasema asante. Utepe ulipokatwa tukapiga makofi. Na picha tukapiga.

Msimu huu bata waliangua. Vifaranga wakarukia majini, wasipate pa kupandia kutoka. Mama ndiye aliyewakuta, wanaelea wamekufa chini ya jina lako. Alirudi nyumbani, akakaa jikoni na khanga yake begani, akasema, "Mmemfanya mwanangu muuaji."

Waliobaki, wenzako wanawaopoa kwa ndoo asubuhi na jioni. Tukipita wanatusalimu vizuri tu, ila hawatutazami usoni.

Mwenyekiti anasema kuvunja ukingo ni kumdharau marehemu. Akome. Tulikudharau siku ile tuliyosema asante. Mumeo, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, alimwambia mbele za watu, "Mke wangu hakuwa kibao, bwana."

Basi Jumamosi hii tunakuja na nyundo na sururu. Tunaanza na upande ule wa tope, mteremko urudi kama ulivyouacha. Kibao kitang'oka na saruji yake, wala hatutakitafutia ukuta mwingine. Anayetaka kutuzuia atatukuta hapo hapo.

Unakumbukwa na mumeo, mama yetu, wanao, wadogo zako, mawifi na mashemeji, pamoja na wenzako wa bwawani, ambao tunawaomba radhi hapa hadharani.

Tutakukumbuka siku zote, dada, hata jina lako lisipoandikwa popote.