Kiuno cha Marehemu Baba

Mama watoto,

Chai yangu msimimine. Nimetoka bila kutia kitu mdomoni, maana zahanati wanataka upime sukari na tumbo tupu. Sare za shule ziko mezani, mwenyewe akija mpeni.

Asubuhi nilijipima kiuno nijishonee suruali. Inchi arobaini na nne. Nikafungua daftari la vipimo, ukurasa wa marehemu baba: arobaini na nne, akiwa na umri huu wangu. Suruali yake iliyofuata niliishona mguu mmoja tu, mwingine ulishakatwa hospitali kwa sababu ya sukari. Tangu nifunge daftari nausikia mkongojo wake sebuleni, na nyinyi wote mmelala.

Najua utasema, “Si nilikwambia!” Uliniambia. Kutwa nimekaa kwenye cherehani, soda mbili mkononi, na hata dukani naenda kwa pikipiki. Baba naye alikuwa hivyo hivyo, na tukisema anatuita waoga.

~~Watoto wasijue.~~ Waambie wote. Damu ya babu yao wanayo, na mkubwa ameshaanza kitambi.

Nikirudi kimya, usiniulize mbele yao. Kaa tu karibu yangu.

Baba watoto