Kipande cha Giza Usikikate

Mke mwenzangu,

Chai iko kwenye chupa. Nimeenda kupimwa presha. Ile DVD ya harusi ya mama yako ~~nimeificha, utaitafuta mpaka ukome~~ iko chini ya mto wangu, endelea kuihamishia kwenye kompyuta.

Asubuhi nilimsikia babu yako akiniita chumbani kwako. Nikaitika "Abee!" nikaja mbio na kikombe chake. Mtu ana miaka sita kaburini! Kumbe ni kompyuta. Wewe ukacheka, ukasema kipande hicho cha DVD ni giza tupu, utakikata.

Usikikate, mtundu we. Picha ya nini? Sura yake naijua. Nikirudi, ngoja niingie jikoni, kisha mfungulie sauti aniite. Nitaitika.

Bibi yako, mwenye masikio mazima