Matofali Niliyabeba Mimi

Buza, Temeke

Mama, shikamoo.

Kabla ya lolote naulizia miguu yako. Ulipopiga simu ulisema uvimbe umepungua, ila ukisimama sana jikoni unarudi. Ile dawa ya kupaka uliyopewa zahanati bado inakufaa? Na mikorosho je, imetoa maua, au ukungu umeiwahi tena kama mwaka jana? Sie huku tu wazima, alhamdulillahi. Salma anakula, anakwenda shule, amepungukiwa meno mawili ya mbele na anakataa kucheka mbele za watu. Mie nipo ndani na eda yangu.

Kwenye simu uliniambia, "Mwanangu, mie sikumzika Issa. Wewe ndiye uliyekuwepo. Niambie." Nikashindwa. Nikakuacha unaita haloo, haloo, mpaka nikakata mwenyewe. Haukuwa mtandao, mama. Nisamehe. Nimeona niandike, maana nikiandika naweza kuinuka, nikanawa uso, nikarudi nikaendelea.

Najua macho yako hayasomi tena, na atakayekusomea ni wifi yangu Somoe. Wifi, nakusalimu nawe. Najua uliyoyasikia kwa majirani ulipokuja msibani, na najua umeyafikisha nyumbani: kwamba siku ile mimi na kaka yako tuligombana, nikalisukuma gari kwa hasira naye yumo chini. Sikulisukuma. Lakini nakuomba usiishie hapo. Msomee mama mpaka mwisho, neno kwa neno, hata pale utakapotamani kuruka.

Mama, ile pikapu mwanao aliipenda kuliko alivyokuwa akisema. Ilikuwa kuukuu, lakini ndiyo iliyotulisha. Alikuwa akibeba saruji na nondo kutoka duka moja la vifaa vya ujenzi kule Tandika, akiwapelekea watu wanaojenga huku pembeni. Mwaka huu ikaanza kuvuja oili. Mwanzo tone, halafu dimbwi. Kila ilipolala paliachwa doa jeusi kama mtu kachinja. Alipeleka gereji mara tatu. Fundi alipaka silikoni juu ya silikoni, gari likarudi nyumbani kavu, na baada ya siku chache likaanza upya. Mwisho mwenye duka, mzee mmoja wa Kiarabu anayempenda sana Issa, alimwita pembeni akamwambia kwa upole asiingize tena gari uani kwake mpaka limetengenezwa, maana oili ilikuwa inafika kwenye mifuko ya saruji.

Siku hiyo Issa alirudi nyumbani. Baada ya kula akasema atalitengeneza mwenyewe, hapahapa uani. Alisema ugonjwa si mkubwa, ni gasketi tu zimezeeka. Akanieleza kwamba palipokutana chuma na chuma huwekwa utepe wa mpira au wa kizibo ili oili isipite, na huo utepe ukishaunguzwa miaka mingi unakauka. Jumapili ya kwanza alifungua mfuniko wa juu wa injini, akautoa ule mpira akanipa nishike. Ulikuwa mgumu kama ganda la muhogo uliosahaulika juani. Nilipoukunja ukakatika.

Kazi ile tuliifanya wote wawili, mama. Sijawahi kukwambia. Yeye alikwangua mabaki ya silikoni kwa kisu butu, taratibu, asije akachubua chuma, mie nikafuta kwa kitambaa mpaka pakang'aa. Gasketi mpya alikuwa ameinunua kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani. Tulipoipachika aliniachia mimi nikaze bolti. Kwanza zote kwa vidole, halafu kwa spana, moja ya huku, moja ya kule, zisielemee upande. Nilipotaka kukaza zaidi akanishika mkono. Alisema wengi wanaharibu hapo, wanadhani nguvu ndiyo dawa, kumbe wanaiponda gasketi na inavuja kuliko mwanzo. Akawasha injini. Juu pakabaki pakavu. Alinitania mbele ya majirani kwamba sasa ana fundi wa bure, na mie nilijisikia vizuri mno.

Lakini chini ilikuwa bado inadondoka. Lilibaki sampu, lile bakuli la chuma chini ya injini linalokaa oili. Hilo huwezi kulifikia mpaka ulale chini ya gari.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mie nilikuwa na shughuli Tabata, rafiki yangu anaoza mtoto. Sare nilikuwa nimeshashona, na nimeahidi kupeleka sufuria mbili za pilau. Issa alisema atamaliza gari mapema, alasiri anipeleke mwenyewe na masufuria yangu. Asubuhi akamwaga oili chafu kwenye beseni, akapandisha gari kwa jeki. Kisha akasimama akaangalia. Uani kwetu ni mchanga, unaujua mchanga wa huku, ukisimama unazama. Akasema jeki peke yake haifai. Alitaka magogo ya mzee Nandonde, jirani yetu mchongaji, ambayo huwa anayarundika nyuma ya nyumba yake kabla ya kuyapeleka Mwenge kwenye vinyago. Mzee alikuwa ameshaondoka na ufunguo wa geti, atarudi adhuhuri. Issa akasema atamsubiri.

Mie nikaona siku yangu inakwenda. Hapo ndipo tulipopandishiana sauti, na hao majirani waliosikia hawakusema uongo. Nilimwambia huwa anaahidi halafu hatimizi, kwamba hata arusi ya mdogo wangu nilifika watu wameshakula. Akaniambia nipande bajaji. Nikasema siwezi kupanda bajaji na masufuria mawili kama muuza uji. Kisha nikayaona matofali. Yale tuliyokuwa tunayanunua kidogokidogo kwa ajili ya chumba cha tatu, tumeyapanga ukutani. Nikasema matofali si haya hapa.

"Tofali la mtaani siyo la kulazia gari, Mama Salma," akasema.

Mie nikamjibu, "Nyumba nzima inakaa juu ya tofali, sembuse pikapu?"

Akacheka, mama. Hasira ikamtoka palepale, ulivyomlea. Akatikisa kichwa, akasema haya, walete. Nikayabeba mimi. Yeye hakugusa hata moja. Nilifanya safari nne, tofali moja moja kifuani, mpaka kanga ikajaa vumbi. Yeye akayapanga, mawili huku, mawili kule, akashusha jeki uzito ukayakalia. Akalitikisa gari kwa mkono, likatulia. Akaingia chini kwa mgongo.

Nilikuwa karibu naye, nampokezea spana, naziweka bolti kwenye kikombe. Alizitoa zote. Sampu halikushuka. Ile silikoni ya gereji ilikuwa imelishika kama gundi. Akaomba bisibisi, akachokonoa, wapi. Akaomba nyundo. Aligonga upande mmoja, akagonga upande wa pili. Kila akigonga gari lilikuwa linatetemeka kidogo na mie naliona. Niliona pia unga unadondoka kwenye tofali la kushoto, kama unga wa muhogo kwenye ungo. Nilifungua mdomo nimwambie. Siwezi kukwambia nilichelewa kiasi gani. Labda pumzi moja. Tofali halikuvunjika vipande, mama, lilirudi kuwa mchanga. Gari likalala upande ule.

Hakupiga kelele. Mie ndiye niliyepiga.

Nilishika jeki nikashindwa hata kuisimamisha, mikono yangu ilikuwa na oili. Watu walikuja wengi, hao hao wanaosema, Mungu awalipe, wakalinyanyua gari kwa mikono yao wakamvuta. Kifua kilikuwa kimebonyea. Alikuwa anapumua kwa kukata. Tulimpakia kwenye bajaji, kichwa chake mapajani kwangu, na njiani alizungumza mara moja tu. Nilidhani atasema shahada au atakutaja wewe. Aliniuliza kama ile oili ya kwenye beseni nimeifunika, Salma asije akatia mkono. Nikasema nimeifunika. Sikuwa nimeifunika.

Hospitali walimpokea vizuri, sina la kuwalaumu. Walimwekea hewa, wakampiga picha, daktari kijana akanieleza kwamba mbavu zimeingia ndani. Alikata roho kabla ya magharibi. Nilikuwa nimemshika mguu, maana juu palikuwa pamejaa watu na mipira. Wakaja kuuondoa mkono wangu pale.

Ndiyo hayo. Waliozika wamekwambia kaburi liko wapi na dua ilivyokuwa, hayo sirudii. Nililokuficha ni hili la matofali, nililolificha hata kwa baba mdogo wa marehemu aliponiuliza uso kwa uso. Nilimwambia Issa aliyaweka mwenyewe. Ni kweli aliyaweka. Lakini neno lilikuwa langu, na haraka ilikuwa yangu, kwa ajili ya sare na pilau. Wifi, kama ulikuwa unatafuta kosa langu, hilo ndilo.

Gari lilibaki uani. Mzee Nandonde aliporudi siku ile akakuta yaliyotokea, alilia kama mtoto, akisema angeacha ufunguo. Kesho yake aliyaleta magogo yake akalisimamisha lile gari lisiwe limelala vile, na hapo likakaa wiki nyingi, tumbo wazi, sampu lililong'oka gari lilipolala liko pembeni limefunikwa gunia. Salma akawa hapiti uani. Kwenda chooni anazunguka kwa jirani. Wakaja watu kutaka kulivuta wakalimalize gereji, nikawakatalia, hata sijui kwa nini. Fundi mmoja akajitolea kuja kulifunga bure. Alipoanza kuinama aingie chini nilimshika shati nikamwomba aondoke. Alinishangaa. Nilimwona mama yake, mama, ndiyo sababu. Nilimwona mama wa mtu amekaa mahali anaumwa miguu.

Basi nikaingia mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, Salma yuko shule. Mke wa mzee Nandonde alikaa kwenye mkeka akinisomea dua, mzee mwenyewe akayapima magogo mara tatu, akapanda juu ya gari akarukaruka kwa uzee wake wote nione kwamba halitikisiki. Nilivaa suruali ya Issa ndani ya dera. Nililala pale pale. Nilikuwa nimejiandaa kulia, machozi hayakuja. Ukiwa chini kule unaona vyuma tu, na mwanga kidogo pembeni. Nilikwangua ile silikoni kuanzia saa mbili mpaka karibu na adhana ya adhuhuri, inatoka vipande vidogo, vinaniingia machoni. Niliposafisha pakang'aa nikaipachika gasketi aliyoinunua mwenyewe, bado ilikuwa kwenye karatasi yake. Bolti zote kwa vidole kwanza. Kisha spana, moja huku, moja kule. Hapakuwa na mtu wa kunishika mkono nisizidishe, nikajizuia mwenyewe.

Mzee akatia oili mpya akawasha. Tukaweka boksi lililokunjuliwa chini yake, likakaa mpaka siku ya pili. Halikuwa na hata tone. Mke wa mzee alinipongeza, akasema Issa angefurahi. Mie sikufurahi, mama. Nilichokiona ni kwamba kazi ile inawezekana kabisa kufanywa na mtu akatoka mzima, kama amesubiri mpaka adhuhuri. Nilikwenda ndani nikalala mpaka Salma alipokuja kuniamsha ana njaa. Alikuwa amepita uani.

Matofali yaliyobaki niliwaambia vijana wa jirani wayabebe. Hicho chumba hakitajengwa.

Sikuandika haya ili unisamehe haraka. Usinisamehe kwa sababu ya adabu, wala kwa sababu Salma ana sura ya baba yake. Fikiri kwanza. Ukiona nilimuua mwanao kwa ulimi, sema hivyo, nitalipokea. Ila lisemwe hilo lililotokea, siyo lile la kusukuma.

Nisalimie baba mdogo, aliyeingia kaburini kumpokea Issa mahali pa baba yake, na umwambie nimesema uongo mbele yake na namwomba radhi. Nisalimie shangazi anayekuchotea maji. Mwalimu wa chuoni aliyemfundisha Issa alifu mwambie dua zake zimefika. Na wewe wifi, ahsante kwa kusoma mpaka hapa.

Eda ikiisha nataka kumleta Salma akuone. Tutapanda basi la alfajiri. Ukinitaka nifike mpaka nyumbani, nitafika nikuoshe miguu kwa mikono yangu. Usiponitaka, mtume mtu stendi ampokee mtoto, mie nitageuka na basi hilohilo. Lakini yeye mpokee, mama. Yeye hakubeba kitu.

Mimi mkweo,
Zainabu, Mama Salma