Aya Niliyoiruka

Jumapili, katikati ya Julai. Manyunyu tangu asubuhi hapa Kaaga, na nguo nilizoanika juzi bado mbichi. Sijaenda kanisani. Nimemwambia jirani nina mafua, jambo ambalo ni nusu ya ukweli.

Nusu ya pili ni kwamba nimemkosea mtu na sina namna ya kurekebisha.

Jarida letu la fasihi hutoka mara mbili kwa mwaka. Kila toleo likitoka tunafanya kikao cha kusoma mjini Embu: waandishi wanasoma kazi zao, watu wanauliza maswali, tunakunywa chai. Toleo hili nilijivunia mno kwa sababu ya Mwalimu Ruguru, mama mstaafu wa Gachoka, kule Mbeere, ambaye hakuwahi kuchapishwa popote. Aliniletea habari za ndoa yake, kurasa kumi na moja za daftari, zote kwa mkono, bila kufutafuta. Niliposoma ukurasa wa kwanza nilisema kwa sauti, peke yangu ofisini, "Huyu ndiye." Miaka ishirini katika kazi hii na sijawapata wengi wa namna hiyo.

Kisha nikafanya kama nifanyavyo siku zote. Nikahariri huku nikichapa.

Tabia hiyo niliitoa gazetini, nilipokuwa ripota. Pale tulifundishwa kwamba kisichosukuma habari mbele unakiruka, na vidole visisimame. Nilihamia redioni nikaenda nayo, nikaanzisha jarida nikaja nayo. Hata vijana wanaokuja kwenye warsha zangu nawafundisha, tena kwa majivuno.

Katika ukurasa wa pili wa Ruguru kulikuwa na aya kuhusu mtoto wake wa kwanza, msichana aliyefariki akiwa na miezi mitatu. Niliiruka. Hadithi ikaanza na Wambeti, binti aliye hai.

Mtu wa Mbeere angesimamisha vidole. Kule binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na wa pili ndiye hupewa jina la upande wa mama. Wambeti ni jina la mama mzazi wa Ruguru. Basi jarida langu linawaambia watu kwamba Ruguru aliolewa, akazaa, akampita mama mkwe wake kama hayuko. Mimi ni mtu wa Nkubu na kwetu hatufuati mpangilio huo kwa ukali, lakini huo si udhuru. Desturi hiyo naijua tangu utotoni. Haikunijia tu.

Siku ya kikao Ruguru hakutokea, na simu yake ilikuwa imezimwa. Nilisoma kazi yake kwa niaba yake. Nikapigiwa makofi, na nikayafurahia.

Jumatatu akanipigia. "Karimi, Mama amekataa uji yangu."

Mama ni huyo mama mkwe, bibi wa zaidi ya miaka tisini. Ruguru amemtunza tangu mumewe afariki, na uji wa asubuhi humnywesha mwenyewe. Mjukuu mmoja alikuwa amemsomea jarida lote pale barazani, akimtafsiria kwa Kimbeere. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Igoki ako wapi?" Igoki ni jina lake. Lilikuwa pia jina la yule mtoto. Tangu siku hiyo hasemi na Ruguru, na uji anapokea kwa jirani.

Jana nikashuka Gachoka na kilo mbili za sukari, kama mtu anayekwenda kuomba radhi kwa sababu ng'ombe wake ameingia shamba la jirani. Bibi alinipokea vizuri. Mjukuu akakaa kati yetu kutafsiri. Ruguru alisimama kwenye mlango wa jikoni na hakukaribia.

Nilisema kosa ni langu peke yangu, kwamba Ruguru aliandika yote na mimi ndiye niliyetoa. Bibi akamwambia mjukuu maneno machache. Mjukuu akanigeukia.

"Shosho anauliza, mtu akiandika mambo ya nyumba yake, wewe unatoa mtoto aje?"

Nikajibu kwamba hiyo ndiyo kazi ya mhariri. Nilijisikia nikisema hivyo, na nikaona aibu kabla mjukuu hajamaliza kutafsiri.

Bibi akatikisa kichwa polepole, bila hasira. Akasema basi nimsomee ile aya niliyotoa.

Sikuwa nayo. Kurasa za Ruguru nilizitupa na magazeti ya zamani tulipohama ofisi, kwa kuwa nilikwisha kuzichapa na niliona kazi imekwisha. Kwenye kompyuta aya hiyo haikuwahi kuingia. Nikamtazama Ruguru nikitumaini ana nakala.

"Sina," alisema. "Hiyo niliandika mara moja, Karimi. Nilikaa miaka arobaini ndio niweze."

Nikamwomba ajaribu tena, hata kwa mistari michache. Akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi ambaye hakusikia swali, akaingia jikoni.

Bibi alinishukuru kwa sukari. Mjukuu alinisindikiza mpaka barabarani, na hapo ndipo akaniambia kwamba mtoto huyo hana picha, hana cheti, na kaburi lake lililimwa zamani. Yeye mwenyewe hakujua kama aliwahi kuwako. Alimsikia mara ya kwanza siku ile bibi alipouliza.

Kesho nitaandika masahihisho ya toleo lijalo. Nitaweka maelezo kwenye tovuti. Najua kuandika masahihisho, nimeyaandika mengi, na hakuna hata moja lililomrudishia mtu kitu. Bibi hasomi tovuti, na sijui kama toleo lijalo litamkuta.

Tangu asubuhi nimekaa na karatasi nyeupe nikijaribu kuikumbuka aya ile ili nimpelekee hata nusu. Ilikuwa na mistari sita, au saba. Nadhani kulikuwa na shuka, au hilo nalitoa kwenye hadithi ya mtu mwingine. Sikumbuki hata sentensi moja.

Ninachokumbuka vizuri ni kwa nini niliiruka. Niliona inachelewesha hadithi.