Mstari Mmoja wa Nyuma

Phanice,

Omena iko kwa sufuria, pasha tu. Kuku wafungie mapema.

Asubuhi sikukataa kukusuka, mama. Vidole vilikufa ganzi, chanuo kikaniponyoka, nawe ukanuna ukaenda shule. Ni ile kompyuta ya ofisini. Wameiweka kwa meza iliyo juu mno, nachapa kutwa mabega yameinuka, mikono imepinda. Leo naenda Homa Bay, daktari anataka kuona ninavyokaa nikichapa.

Nitachelewa, na Sabato ikiingia hatusuki. Nenda kwa jirani, Mama Boaz, akusuke kabla jua halijazama. ~~Amalize kichwa chote.~~ Mwambie aache mstari mmoja wa nyuma. Huo ni wangu. Jumapili utaniegemea magotini kama zamani, niusuke, hata kazi hiyo ikinichukua mchana kutwa.

Mama yako